Jina la mtaa katika chupa ya manukato: mfano wa Rive Gauche

1. Swali

Mahali ambapo Kifaransa hutumia kitenzi sentir, kisha kikaongeza neno bon au mauvais, Kiswahili sanifu kina vitenzi viwili vilivyo tayari: kunuka na kunukia. Samaki aliyeoza hunuka, waridi hunukia. Tofauti yote imebebwa na irabu moja iliyopachikwa karibu na mwisho wa kitenzi. Kutokana na shina hilohilo tunalo neno manukato, ambalo huenda sambamba na marashi, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusiana na tendo la kunyunyiza. Lingala nayo ina neno malasi, lenye maana hiyohiyo na sauti iliyo karibu sana na marashi.

Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili, kabla hajataja harufu ya kitu, hulazimika kukihukumu: je, kinanuka au kinanukia? Kwa ua au kwa mzoga jibu ni jepesi. Kwa mtaa wa mji jibu ni gumu, maana mtaa hufanya yote mawili. Una mkate unaotoka tanurini na una mtaro usiozibuliwa; una kahawa, moshi, vumbi baada ya mvua, na jasho la watu waendao kazini. Basi kiwanda cha manukato kinapolichukua jina la mtaa na kulibandika juu ya chupa, kinaweka nini ndani yake? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa mfano mmoja mashuhuri, manukato yaitwayo Rive Gauche, yaliyotolewa mwaka 1971 na nyumba ya Yves Saint Laurent ya Paris. Yanakusudia kuonyesha kwamba kilichohamishwa kutoka mtaani kwenda chupani ni jina, na kwamba jina hilo limedumu kuliko harufu yenyewe.

2. Ukingo wa kushoto

Mto Seine huupasua mji wa Paris kutoka mashariki kwenda magharibi. Mtu anayesimama akielekea yanakokwenda maji huwa na upande wa kusini mkononi mwake mwa kushoto. Ndiyo asili ya jina Rive Gauche, yaani Ukingo wa Kushoto. Eneo hilo ni mkusanyiko wa mitaa kadhaa, na mitatu kati yake ina sifa kubwa: Quartier latin, Saint-Germain-des-Prés na Montparnasse. Mtaa wa kwanza ulipewa jina kutokana na lugha. Walimu na wanafunzi waliotoka nchi mbalimbali katika Zama za Kati walisoma, walibishana na kuandika kwa Kilatini, na lugha yao ikawa jina la makao yao.

Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, mikahawa ya Saint-Germain-des-Prés ilijulikana duniani kwa waandishi walioketi humo, miongoni mwao Jean-Paul Sartre na Simone de Beauvoir. Ukingo huohuo una nafasi yake katika historia ya fikra za Kiafrika. Mwaka 1947 Alioune Diop alianzisha jarida la Présence Africaine, ambalo baadaye lilikuwa pia nyumba ya uchapishaji yenye duka la vitabu katika rue des Écoles. Mnamo Septemba 1956 kongamano la kwanza la waandishi na wasanii weusi lilifanyika Sorbonne. Na mwaka 1973 ni nyumba hiyo ya Présence Africaine iliyochapisha Entre les eaux, riwaya ya V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Katika Mei 1968 mitaa hiyo ilijaa wanafunzi, vizuizi vya mawe yaliyong'olewa barabarani, na gesi ya kutoza machozi.

Hivyo jina Rive Gauche lilikuwa na maana mbili. Ya kwanza ni ya jiografia: upande wa kusini wa mto. Ya pili ni ya kijamii: masomo, ujana, ubishi, maisha yasiyofuata desturi za matajiri. Maana hiyo ya pili ilipata nguvu kwa kulinganishwa na ukingo wa kulia, kwenye mabenki, maduka makubwa na nyumba za washonaji wa kifahari.

3. Kutoka ukingoni hadi dukani, kutoka dukani hadi koponi

Yves Saint Laurent alizaliwa Oran, nchini Algeria, mwaka 1936. Pamoja na Pierre Bergé alianzisha nyumba yake ya ushonaji mwaka 1961. Makao ya kwanza yalikuwa rue Spontini, katika mtaa wa 16 wa Paris, ukingo wa kulia. Huko mteja alishonewa nguo kwa vipimo vya mwili wake, kwa gharama ambayo ni wachache tu walioiweza.

Tarehe 26 Septemba 1966 nyumba hiyo ilifungua duka katika 21, rue de Tournon, mtaa wa 6, mahali pasipo mbali na Sorbonne. Duka liliitwa Saint Laurent Rive Gauche. Ndani yake ziliuzwa nguo zilizoshonwa tayari, kwa bei ya chini kuliko zile za rue Spontini, ingawa hazikuwa za bei ya soko la kawaida. Mwaka huohuo Saint Laurent alikuwa amewavika wanawake koti na suruali ya jioni vilivyokuwa vazi la wanaume. Jina la ukingo lilimweleza mteja mambo mawili kwa mara moja: kwamba nguo ziko upande wa pili wa mto, na kwamba anayezivaa amevuka mpaka fulani wa desturi.

Manukato yalifuata mwaka 1971, miaka mitatu baada ya ghasia za Mei. Yalichukua jina la duka, na duka lilikuwa limechukua jina la ukingo. Hatua hizo mbili zina uzito katika uchambuzi, kwa sababu mtunzi wa manukato hakuambiwa aende barabarani akanuse. Aliambiwa atafsiri sifa ambayo duka lilikuwa limekwisha kuichagua miongoni mwa sifa nyingi za mtaa.

Hata chombo kilisema jambo hilo. Wakati ule manukato ya wanawake yaliwekwa kwa kawaida katika chupa ya kioo iliyosimama mbele ya kioo cha chumbani. Rive Gauche ilitiwa katika kopo la madini lenye umbo la mcheduara, lenye mistari ya buluu, nyeusi na rangi ya fedha. Kopo halivunjiki; linaweza kutupwa mkobani na kwenda na mwenyewe kazini, mkahawani, safarini. Mwanamke aliyekusudiwa alikuwa mtu wa kutoka nyumbani.

4. Kilichomo ndani

Ili kuelewa manukato haya, yafaa kukumbuka namna manukato yoyote yanavyofanya kazi. Mafuta yenye harufu huyeyushwa katika alkoholi. Yakiguswa na joto la ngozi, hupaa hewani, lakini hayapai kwa kasi moja. Molekuli nyepesi, kama zile za jamii ya limau, huondoka katika dakika za kwanza. Zile za maua hukaa saa kadhaa. Zile nzito za miti, utomvu na miski hubaki hadi siku ya pili juu ya nguo. Kwa sababu hiyo watunzi wa manukato husema juu ya kichwa, moyo na shina la utungo wao. Harufu ya chupa moja ni mfuatano wenye mwanzo, katikati na mwisho, kama masimulizi.

Rive Gauche ilitungwa na Michel Hy na Jacques Polge. Hy alikuwa ametunga Calandre ya Paco Rabanne mwaka 1969, ambayo jina lake lina maana ya wavu wa chuma ulio mbele ya motokari. Polge alikuja kuwa mtunzi wa manukato wa Chanel kuanzia mwaka 1978. Tungo hizo mbili, Calandre na Rive Gauche, ni kama ndugu: zote zina waridi lenye ubaridi, kana kwamba limechorwa juu ya chuma.

Ubaridi huo unatokana kwa sehemu kubwa na aldehidi, kundi la viungo vya maabara vilivyopata sifa kuu katika manukato kwa Chanel N° 5 ya mwaka 1921. Vikinuswa peke yake hukumbusha mshumaa uliozimwa sasa hivi, shuka iliyopigwa pasi ikiwa bado mbichi, na ganda la chungwa. Chini yake huja maua: waridi, asumini, irisi, langilangi. Langilangi ni ua linalojulikana vema kwa wasemaji wa Kiswahili wa visiwani, na Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakuu wa mafuta yake. Mwishoni hubaki sandali, mizizi ya nyasi iitwayo vetiveri, na kuvumwani ya mwaloni, kiumbe kidogo kiotacho juu ya magome ya miti na chenye harufu ya msitu wenye unyevu.

Tukiilinganisha orodha hiyo na mtaa, jibu la swali letu linaanza kuonekana. Hakuna kahawa humo. Hakuna tumbaku, ambayo moshi wake ulijaza kila mkahawa wa Saint-Germain wakati ule. Hakuna karatasi kuukuu za wauza vitabu wa kando ya mto, wala matope ya Seine, wala gesi ya Mei 1968. Kuna usafi, ubaridi, madini na maua: picha ya mwanamke aliyevaa vizuri anayepita haraka. Ukingo wa Présence Africaine na ukingo wa wanafunzi waliopanga chumba kimoja watu watatu haukuingia chupani. Mtunzi hakudanganya, kwa kuwa kila sifa aliyoitaja ilikuwepo mtaani. Ila alichagua, na jina la jumla likafunika uchaguzi wake.

5. Njia nyingine: kunasa hewa ya mahali

Mtu anaweza kuuliza kama haiwezekani kuichukua harufu ya mahali kama ilivyo. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wa viwanda vya manukato, hasa Roman Kaiser wa Givaudan nchini Uswisi, wameendeleza mbinu ya kunasa hewa. Ua hai hufunikwa kwa chombo cha kioo. Hewa inayolizunguka huvutwa polepole kupitia kichujio kinachoshika molekuli za harufu. Kisha molekuli hizo hutenganishwa na kutambuliwa maabarani kwa kromatografu ya gesi. Matokeo ni orodha ya viungo na viwango vyake, na kutokana nayo mtunzi anaweza kuijenga upya harufu ya ua bila kulichuma.

Nyumba ya diptyque, iliyofungua duka lake katika 34, boulevard Saint-Germain mwaka 1961, ilitoa mwaka 2011 manukato yenye anwani hiyo kuwa jina, kwa kusudi la kuhifadhi harufu ya duka lenyewe, mchanganyiko wa mishumaa na manukato yote yaliyowahi kuuzwa humo. Huko jina na harufu vilikaribiana zaidi kuliko katika Rive Gauche. Lakini duka ni chumba chenye mlango. Mtaa hauna kifuniko cha kioo: harufu yake ya saa kumi na mbili asubuhi si ya saa sita mchana, na ya Januari si ya Julai. Anayeunasa mtaa atalazimika kuamua asimame wapi, na saa ngapi. Chombo cha maabara hakimwondolei wajibu wa kuchagua. Kinausogeza tu mbele.

6. Kilichobadilika na kilichobaki

Tangu mwaka 1971 karibu kila kitu kilichohusika na manukato haya kimebadilika.

Kwanza, wenye mali. Mwaka 1999 kundi la Gucci liliinunua nyumba ya Yves Saint Laurent. Mshonaji mwenyewe alistaafu mwaka 2002 na kufariki mwaka 2008. Mwaka huohuo wa 2008 tawi la manukato na vipodozi lilinunuliwa na L'Oréal.

Pili, harufu. Mwaka 2003 Rive Gauche ilitolewa upya katika muundo uliorekebishwa. Tena kuna sababu isiyotegemea matakwa ya mwenye mali: kuvumwani ya mwaloni huwa na viungo viwili, atranoli na kloroatranoli, vinavyoweza kuwasha ngozi za watu kadhaa. Umoja wa Ulaya ulivipiga marufuku kwa kanuni ya mwaka 2017. Bidhaa zenye viungo hivyo zilitakiwa ziwe zimeondoka sokoni kufikia Agosti 2021. Manukato mengi ya zamani yaliyosimama juu ya shina hilo yamebidi yatungwe upya, yakiendelea kubeba majina yaleyale. Kwa anayetaka kujua yalivyonukia mwanzoni, kuna Osmothèque ya Versailles, iliyoanzishwa mwaka 1990, ambayo huhifadhi manukato ya zamani kwenye baridi, mbali na mwanga na oksijeni. Ni maktaba ambamo kila usomaji hupunguza kitabu, kwa kuwa tone lililonuswa halirudi chupani.

Tatu, mtaa. Mwaka 1996 duka la vitabu la Le Divan liliondoka Saint-Germain-des-Prés, na mahali pake pakachukuliwa na Dior. La Hune, duka la vitabu lililokuwa jirani wa Café de Flore, lilihama mwaka 2012 likampisha Louis Vuitton, kisha likafungwa mwaka 2015. Mwaka 2021 yalifungwa maduka kadhaa ya Gibert Jeune, Saint-Michel, ambako vizazi vya wanafunzi, wakiwamo wa Kiafrika, vilinunua vitabu vilivyokwisha kutumiwa. Sifa ya mtaa iliyojengwa na vitabu iliwavuta wauza nguo na manukato, bei ya pango ikapanda, vitabu vikaondoka. Bila shaka zipo sababu nyingine, kama biashara ya vitabu kwa njia ya intaneti. Hata hivyo duka la rue de Tournon la mwaka 1966 linaonekana leo kuwa miongoni mwa watangulizi wa mwendo uliofika mbali.

Mwenye mali amebadilika, harufu imebadilika, mtaa umebadilika. Kilichobaki ni maneno mawili yaliyoandikwa juu ya kopo. Na mwaka 2019 nyumba hiyohiyo ilifungua duka jipya upande wa pili wa Seine, rue Saint-Honoré, likaitwa Rive Droite. Jina la pili linaeleweka tu kwa mtu anayelikumbuka la kwanza.

7. Nani mwenye jina?

Sheria ya Ufaransa inaipa hoja hii sura ya ajabu. Tarehe 13 Juni 2006 mahakama kuu ya rufani ya nchi hiyo iliamua kwamba harufu ya manukato hailindwi na haki ya mtunzi, kwa kuwa inatokana na matumizi ya ujuzi wa kifundi. Siku tatu baadaye mahakama kuu ya Uholanzi iliamua kinyume, kwamba harufu yaweza kuwa kazi ya mtunzi kama vile utungo wa muziki. Nchini Ufaransa basi, mtunzi aliyetumia miaka kutafuta uwiano wa waridi na aldehidi hana haki ya utunzi juu ya harufu aliyoitunga. Jina la bidhaa, kinyume chake, hulindwa kama alama ya biashara.

Hapo ndipo panapostahili kutafakariwa. Harufu iliundwa na watu wawili wanaojulikana, nao hawana ulinzi wa mtunzi. Jina liliundwa na watu wasiohesabika, wanafunzi, wachapaji, wauza kahawa, waandishi na wapangaji wa karne nyingi, nalo ndilo linalolindwa kwa niaba ya kampuni. Mkazi hakatazwi kusema anaishi Rive Gauche. Lakini thamani ambayo jina lilikusanya kwa kazi ya wote imekuwa, katika biashara ya manukato, mali ya mmoja.

Majina ya mitaa yanaweza pia kusafiri kwa njia nyingine, na mfano wake uko karibu na wasomaji wa Kongo. Matonge ni mtaa wa Kinshasa, katika Kalamu, wenye sifa ya muziki na maisha ya usiku. Jina hilo lilivuka bahari: sehemu ya Ixelles, mjini Bruxelles, karibu na Porte de Namur, huitwa Matongé. Huko halikupelekwa na kampuni. Lilipelekwa na Wakongo wenyewe, ambao walikutana hapo, wakasukana nywele, wakauziana pondu na vitambaa, wakasikiliza muziki wa nyumbani. Jina lilifuatana na watu wake na harufu zao zote, zinazonukia na zinazonuka. Rive Gauche ilisafiri bila watu, imechujwa.

8. Hitimisho

Manukato yenye jina la mtaa ni aina ya tafsiri, na kama tafsiri yoyote yanapaswa kusomwa kwa kuuliza ni nini kilichoachwa. Rive Gauche ya mwaka 1971 ilikuwa kazi ya ufundi mkubwa, na wengi walioivaa walijiona wamepewa uhuru ambao jina lake liliahidi. Hilo halipingwi. Linalobaki kwa wanafunzi wa lugha ni kuyafuata majina kwa uangalifu uleule wanaoutumia kufuata maneno mengine: jina lilizaliwa wapi, lilimaanisha nini kwa wakazi, nani alilichukua, ni maana ipi aliyoibeba na ipi aliyoitupa.

Uchunguzi wa namna hiyo hauhitaji kusafiri hadi Seine. Majina kama Kenya, Katuba na Kamalondo mjini Lubumbashi, Kadutu mjini Bukavu, au Makiso mjini Kisangani yanaweza kukusanywa kutoka kwenye mabango ya maduka, timu za mpira na vikundi vya muziki, kisha wazee wa mitaa hiyo waulizwe yaliyokuwa yakimaanisha. Katika kazi hiyo yafaa swali la harufu lisisahauliwe: mtaa wao ulinukia nini, na ulinuka nini? Wale watakaojibu vitenzi vyote viwili watakuwa wameueleza mtaa mzima.